Amana ya Nyumba ya Mtaa wa Alma

Enid Scholey alikuwa ameshawapisha watu watatu kwenye foleni. Kila zamu yake ilipokaribia alimgeukia aliye nyuma na kumwambia, "Tangulia wewe, mpenzi, mimi sina haraka." Mjini Barnsley, kaskazini mwa Uingereza, kila mtu huitwa mpenzi, hata usiyemjua. Wa nne alikataa kutangulia, ikabidi Enid aingie.

Ofisi ile ya ushauri wa bure ilikuwa na meza mbili na hita moja. Wenye shida za nyumba walipelekwa kwa Janine Utley, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mikono ya sweta ameikunja, chai imempoa mbele yake.

"Kaa, mama. Koti usilivue, hita imekufa. Fomu tutaijaza mwisho. Haya, nini kimekusibu?"

"Ni amana," alisema Enid. "Ile dhamana ya kupangia, ya nyumba ya Mtaa wa Alma. Ijumaa nyumba inabaki tupu."

"Pauni ngapi?"

"Mia nane. Zilitolewa taslimu, pale pale jikoni, miaka miwili iliyopita."

"Risiti?"

"Tulipeana mikono tu."

Janine aliguna. "Zikawekwa kwenye mfuko wa kulinda amana, ule unaotambuliwa na serikali? Kuna karatasi yoyote iliyotoka huko?"

"Mfuko? Nimeusikia kwa mara ya kwanza wiki hii."

Janine akapiga meza kwa kiganja, chai ikacheza kikombeni. "Basi tumemkamata!"

"Nani?"

"Mwenye nyumba, nani tena? Sikiliza, mpenzi wangu. Akishapokea amana ana siku thelathini za kuiweka mahali salama na kutoa maelezo kwa maandishi. Asipofanya hivyo, korti inaweza kumwamuru airudishe yote, na juu yake alipe faini. Faini yenyewe haiendi serikalini, inaingia mfukoni mwa mpangaji. Inaweza kufika mara tatu ya amana! Mia nane mara tatu, na mia nane yenyewe. Elfu tatu na mia mbili."

Enid alishika ukingo wa meza. "Lakini mimi si..."

"Najua, wewe si mtu wa kesi. Wote mnasema hivyo, ndiyo maana wanawapanda kichwani."

"Na kama hakujua?"

"Kodi alijua kuipokea, au siyo? Sheria haimuulizi alijua nini."

"Labda alikuwa na nia ya kuzirudisha, ila zimeshatumika."

"Zimetumika wapi? Likizo Uhispania?"

"Huenda kulikuwa na mgonjwa," Enid alisema kwa sauti ndogo.

Janine alicheka, lakini si kwa ubaya. "Mama, huruma yako itakuua. Siku ya kurudisha amana kila mwenye nyumba ana mgonjwa. Mimi nilipokuwa mwanafunzi, mmoja alinikata hela yote kwa sababu ya doa la zulia nililolikuta. Nililia wiki nzima. Nikaapa hakuna atakayefanyiwa hivyo nikiwa nimekaa kwenye kiti hiki."

Mvua ilikuwa ikigonga dirisha.

"Unaishi na nani?" Janine aliuliza, sasa kwa upole.

"Niko kwa dada yangu, chumba cha nyuma. Mume wangu, Clifford, yuko kwenye makao ya wazee. Jina langu limeshamtoka. Kila wiki wanataka hela, na kila mwaka wanapandisha." Akatafuta leso mkobani, hakuipata. "Nyumba ile aliipaka rangi kwa mkono wake, chumba baada ya chumba."

"Tena bure! Halafu mtu anawafanyia hivi."

"Na kuna kichanga pale. Miezi minne. Wanaihitaji hela ile wapate pa kuhamia."

"Mjukuu?"

"Hapana. Ila nilimfumia soksi."

Janine alitikisa kichwa, akavuta fomu kutoka kwenye droo.

"Hakuna njia nyingine?" Enid aliuliza haraka. "Kulipana kidogo kidogo, kwa mfano? Pauni ishirini kwa wiki?"

"Akikuletea habari za kidogo kidogo, mwambie za mwizi arobaini, na zake zimetimia."

"Na akiwa hana kabisa?"

"Si ana nyumba? Korti ikitaka, deni linaandikwa juu ya nyumba yenyewe. Siku akiiuza, linakatwa kwanza."

Nje mtu alikohoa, na mwingine akauliza saa. Janine akamsogezea kikombe chake mwenyewe, chai ile baridi, kwa kuwa hakuwa na kingine cha kumpa.

"Usiogope. Kesi kama hii haina pa kuponyokea. Sijawahi kuona mwenye nyumba wa namna hii akishinda. Hata mmoja." Akabonyeza kalamu. "Haya, tumwandikie. Jina kamili la mpangaji?"

Enid alisokota mkanda wa mkoba wake, hata Janine akainua macho.

"Tamsin Oldroyd," alisema mwishowe.

"Jina zuri." Kalamu ikatembea. "Sasa tumtaje mwizi wetu. Mwenye nyumba anaitwa nani?"

Enid aliutazama mlango, kisha akaitazama fomu.

"Enid Scholey," alisema, akaanza kulitaja jina lake herufi kwa herufi, maana watu wengi hulikosea.