Msichana Kwenye Msondo

Felomena aliunguza maharage kwa mara ya pili wiki ile, na safari hii hakusingizia mkaa. Alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, mwiko mkononi, akimwangalia Doris.

Doris alikuwa kakaa uani kwenye kigoda, kaubana msondo, ile ngoma ndefu, kwa magoti, kanga kaifunga kiunoni. Mbele yake Evodius, mume wa Felomena, alipiga chapuo huku akitabasamu. Wakikosea, walicheka. Wakipatia, walicheka zaidi.

Evodius alikuwa amemaliza mwaka wa pili wa chuo kikuu, Dar es Salaam, akisomea muziki, upande wa ngoma. Likizo ndefu ile ya mwaka 2003 alirudi Nachingwea na mwenzake.

"Mama Jastin, huyu ni Doris, tuko darasa moja," alisema waliposhuka kwenye basi. "Tumetumwa tujifunze ngoma za huku, halafu tukazipige mbele ya walimu kwa mtihani."

Felomena alimpokea mgeni begi, akamchinjia kuku, akamtandikia kitanda chumbani kwa Jastin. Kwa upande wa ukarimu, hakuna aliyeweza kumlaumu.

Wivu ulimwanza kesho yake asubuhi, Doris alipoweka viganja kwenye ngozi ya msondo. Felomena hakuwa mtu wa makuu. Alifundisha darasa la nne, alimlea Jastin aliyekuwa ndio kwanza anajifunza kusema, na Jumapili aliimba kwaya parokiani. Hakujua kwamba anaweza kumchukia hivi binti wa watu ambaye hajamkosea hata salamu.

Majirani kwenye nyumba za walimu waliliona hilo kabla yeye mwenyewe hajalikiri. Aurelia wa nyumba ya pili, mwanamke asiyepitwa na jambo, alikuja kuomba chumvi akasahau kuichukua.

"Mama Jastin, wewe unakaa na moshi, wenzako wanachekeana uani. Macho huna?"

"Ninayo, dada Aurelia."

"Sasa unangoja nini? Ningekuwa mimi, huyo binti angeshafika Dar kwa miguu."

"Ni wanafunzi wale."

"Wanafunzi!" Aurelia alijipiga paja. "Hebu tazama vizuri."

Felomena alitazama. Hakumtazama mumewe. Aliitazama mikono ya Doris, vile vidole virefu visivyojua mkaa wala chaki, na roho ikamuuma mpaka machozi yakamlengalenga.

Mambo yalizidi pale walipoanza kwenda Ruangwa. Asubuhi walidandia gari la mizigo hadi Mbekenyera, kijiji cha huko Ruangwa, kwa wapigaji wa kule, na jioni walirudi wamejaa vumbi na maneno.

"Shem, leo ungekuwepo!" Doris alisema wakati wa kula. "Tumefundishwa pigo moja, bomba kinoma. Mimi limenishinda, lakini sikubali."

"Mama Jastin atatokaje, na shule, na mtoto?" Evodius alisema huku akifyonza mfupa. "Si ndiyo, mama?"

"Ndiyo," alijibu Felomena. Katika ndoa ile hakuwa amezoea kusema jambo jingine.

Akiosha vyombo alijikuta anapiga beseni kwa vidole. Jastin akaanza kucheza, anatingisha makalio na kucheka. Felomena aliona haya, akaizamisha mikono kwenye maji ya sabuni na kumfokea mtoto bila sababu.

Likizo ilikuwa inaisha. Felomena alijua kitakachofuata: wale wawili watapanda basi, yeye atabaki na masufuria, na kilichokuwa chake kitakuwa kimekwenda moja kwa moja. Alikonda. Alimjibu Doris kwa mkato. Siku moja alimnyima hata maji ya kuoga, akadai bomba limekauka, na kumbe ndoo zilikuwa zimejaa.

Jumamosi Evodius alikwenda Kiegei kutafuta ngozi ya kuwambia ngoma. Doris alibaki uani peke yake, analirudia lile pigo lililomshinda na kukosea palepale, tena na tena. Kila alipokosea, Felomena aliuma meno. Mwishowe aliepua sufuria, akakaza kanga kiunoni, akatoka.

Kwenye uzio Aurelia alikuwa ameshajipanga, na wenzake wawili.

"Leo ndiyo leo," alinong'ona.

"Ondoka hapo," Felomena alimwambia Doris.

Doris aliruka kusimama, nusura msondo uanguke. "Shem, usinimaindi! Nakuapia, mimi na kaka Evo hatuna kitu. Mchumba wangu yuko Dar, muulize mtu yeyote."

"Nani kakuuliza habari za Evo? Nipishe nikae."

Alikaa. Aliubana msondo kwa magoti, akaipapasa ngozi, akaanza taratibu. Halafu akaachia. Pale Doris alipokuwa akijikwaa, yeye alipita bila hata kupunguza mwendo, akarudi, akapita tena. Kule kwenye uzio umbea ulikauka midomoni. Machozi yalimtiririka Felomena mpaka kidevuni na hakuyafuta, maana mikono ilikuwa na kazi.

Alipotua, Doris alikuwa amekaa chini, mchangani.

"Shem," alisema polepole, "kwa nini hukuja chuo wewe?"

Mwaka ule wahadhiri walipokuja Nachingwea kuchagua mpigaji, nafasi ilikuwa moja tu, na Evodius alikuwa wa pili. Wa kwanza alikuwa na mimba ya Jastin.