Hariri, Kokoto na Fundi Aliyevua Viatu

Fundi mitambo wa studio alivua viatu, akavua na soksi, akakanyaga sakafu ya mbao pekupeku. Kiongozi wa bendi akamtazama kama anayetazama kuku aliyevaa miwani.

"Nini tena hiyo?"

"Miguu ikipumua, kichwa nacho hupumua. Wewe unataka hukumu au unataka viatu?"

Kiongozi hakucheka. Bendi ilikuwa imebakiwa na nafasi ya mwimbaji mmoja, na waimbaji walikuwa wawili: Hariri, shemeji yake, na Kokoto, aliyekuwepo tangu bendi inaazima magitaa. Majina hayo walibatizwa na mashabiki, na ukiwasikia mara moja tu huulizi kwa nini. Kiongozi akimchagua shemeji, bendi itanuna. Akimwacha, nyumbani hakutalalika. Basi mzigo kamtwika fundi, mtu wa miaka thelathini kwenye mtambo.

"Neno lako ndilo la mwisho," alimwambia uso kwa uso. "Lakini mwezi uliopita ulituharibia kanda mbili. Ukiboronga na leo, utaondoka pamoja na huyo atakayeondoka."

Akatoka, akaufunga mlango. Wanabendi wengine wote walipelekwa uani, asije akapatikana wa kukonyeza.

Chumba cha fundi kilikuwa sanduku: kuta tatu, kioo kimoja, dirisha hakuna. Shati likaanza kumganda mgongoni. Kazi nyingine hakuijua, na umri wa kujifunza ulishampita bila kumuaga.

Upande wa pili wa kioo, Hariri akaanza. Aliimba kama anayemimina maziwa paka akiwa amelala. Mdomo aliufungua kidogo tu, ngozi ya koo ikatetema. Mshale wa kupimia sauti kwenye mtambo ukapanda taratibu, ukaning'inia huko juu, ukakataa kushuka. Neno moja alilivuta mpaka kifua kikaishiwa upepo, na bado akatabasamu. Fundi aliweka viganja mezani, hedifoni kichwani, akatikisa kichwa kwa heshima. Lakini maji yaliyokuwa kwenye glasi yake hayakushtuka hata kidogo.

Kabla ya zamu ya pili alitoka kwenda kunawa uso. Koridoni mkono ukamwangukia begani, akaruka.

"Nimekuita mara tatu, kaka!" Alikuwa Kokoto.

"Mawazo, dada yangu. Kichwa kimejaa."

Kokoto akamkazia macho. "Leo naomba unisikilize. Unisikilize kweli."

"Mwenye macho haambiwi tazama," fundi akatania, akarudi ndani upesi.

Kokoto hakuwa wa kumimina. Yeye alipasua kuni. Ubeti wa kwanza aliuimba wima, kifua mbele. Wa mwisho ulipofika alishika maikrofoni kwa mikono miwili, akaisogeza mpaka sifongo yake ikamfunika mdomo wote, yakabaki macho. Mshipa wa shingo ukasimama mnene kama kamba ya kisima. Mshale ukagonga ukingo, ukarudi, ukagonga tena. Meza ikamtekenya fundi viganjani, sakafu ikamkwea hadi magotini, maji kwenye glasi yakacheza. Na yale macho! Yalimwomba kitu. Fundi akalengwa na machozi, akainua dole gumba. Kokoto akazidisha. Fundi akamwinulia na la pili.

Wakaitwa wote ndani, wakabanana kama viberiti. Kiongozi akaegemea mlango.

"Kokoto," fundi akatamka, akiliandika jina hilo kwenye karatasi ya hukumu. "Hariri simkatai, ni bingwa wa kuvuta, anaimba kama anakubembeleza ulale. Lakini Kokoto anakuamsha! Ule ubeti wa mwisho, jamani, kila neno limeniingia moyoni."

Hariri akainamisha kichwa. Kiongozi akanyoosha mkono juu ya bega la fundi, akabonyeza kitufe, akarudi kuegemea mlango. Kanda ikazunguka.

Fundi akazitazama nyuso zao, akingoja vichwa vianze kutikisika. Havikutikisika. Kanda ilipokaribia mwisho, mpiga ngoma aligeuka ghafla kuangalia nyuma ya mtambo. Hariri akaziba mdomo kwa kiganja. Kiongozi akaubandua mgongo mlangoni, taratibu. Fundi akatabasamu, akaona hakuna aliyemrudishia, akalimeza tabasamu lake.

Kokoto akasogea. Akaichomoa penseli iliyokuwa nyuma ya sikio la fundi, akaivuta karatasi ya hukumu, akaandika chini ya jina lake mwenyewe, kisha akamsukumia.

"Ubeti wa mwisho sikuimba. Nilikupima tu, nikapiga kelele, 'Kaka, nyuma yako kunawaka moto, kimbia!' Ukaniinulia dole gumba. Husikii tangu lini?"