Kifaranga cha Bi Khole

Mbwa wa aina ya spanieli alitoka kwenye falaji, mfereji wa kumwagilia mitende, maji yakimchuruzika, kifaranga cha Bi Khole kikilia mdomoni mwake.

"Kiweke chini, mbwa we!" Bi Khole alivuta kanga yake asiguswe. Tangu mbwa yule aletwe hapa mjini Ibra, bibi hakuwahi kumgusa, kwa kuogopa najisi ya mate yake.

Mbwa alikaa mbele yake, akamtazama.

"Bibi, haweki kitu chini," mjukuu wake alisema kutoka juu ya mtende. "Nimemfunza kwa mashindano ya mbwa wa kuwinda. Hukabidhi mkononi mwa mtu tu. Ngoja nishuke."

Kifaranga kilitokeza kichwa kati ya ile midomo laini, kikitetemeka. Hakuna hata unyoya ulionyofoka.

"Ukishuka, nichotee udongo wa kunawia najisi ya mate yake," Bi Khole alisema, akafungua kiganja chini ya mdomo wa mbwa.