Kibodi ya Kiapo

Jumamosi, tarehe 9 Mei 2071. Asubuhi hapa Kigoma kulikuwa na manyunyu na upepo wa baridi kidogo.

Ndoa siku hizi hufungwa kwa kuchapa kiapo. Mtambo wa msajili hupima mwendo wa vidole, na anayesita huandikwa kuwa hana nia. Melkiori wangu alijifunza kuchapa kwao Bujumbura, ambako herufi zimepangwa vingine kwenye kibodi. Hapa alizitafuta mojamoja, na mtambo ukamkataa.

"Kasita kwenye jina la bibi harusi," msajili alisoma kwenye skrini.

"Jina la mke analitafuta kama sindano iliyoanguka!" alisema shangazi yangu, na watu wakacheka.

"Bwana msajili, naomba uniwekee mpangilio wa kwetu," Melkiori alisema.

"Haumo, shemeji. Tumeomba uongezwe, bado hatujajibiwa. Rudini mwakani."

Kibali chake cha kukaa nchini kilikuwa kinaisha Jumatatu. Niliomba kimoyomoyo. Nilijua ni herufi tu zilizomchelewesha, lakini jina langu lilibaki pale kwenye skrini, likiwa limepigwa mstari mwekundu.

Melkiori alisimama, akawageukia mashahidi. Maneno ya mdomo hayasajiliwi, ila hakuna aliyemzuia. Nikajikuta, Mungu anisamehe, nasikiliza kama atasita.

"Mimi Melkiori namchukua Skolastika awe mke wangu, na sitamwacha mpaka Mungu atakaponiita."