Besi ya Tsongo

Besi ilikuwa imepotea tena.

Hardy alibonyeza kompyuta, wimbo ukaanza upya: sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kule chini, mahali pa besi, kimya. Noti alizoziandika punde tu zilikuwa zimegeuka alama za pumziko, zimejipanga kama mawe ya makaburini.

"Mama, uligusa kitu?"

"Mimi?" Alisi, mjane aliyekuja dukani kila siku kungoja wimbo, aliinua rozari yake. "Mutu wa darasa la tano nitagusa nini mule? Nilikuwa naomba."

Hardy akaona haya kwa kuuliza.

Tsongo, mume wa Alisi, alikuwa mwalimu wa kwaya hapa Bwera. Alipokuwa anakata roho aliwaambia ndugu zake: matanga yangu yasiondolewe mpaka wimbo wangu wa mwisho uimbwe kanisani kwa sauti zote nne. Neno la mtu anayekufa halirukwi. Sauti hizo alizirekodi kwenye simu, moja moja, kwa koo lake mwenyewe. Kazi ya Hardy, mwenye duka la kuchapa, ilikuwa kuziandika kwenye kompyuta na kuzichapa, kwaya ijifunze. Danieri, mdogo wa marehemu, ndiye aliyeleta simu, na ndiye mwenye haraka. Matanga yakiisha atamrithi mjane, kama desturi ya ukoo wao, asikae peke yake. Chumba alikwisha kukipaka rangi.

Mwanzoni Hardy alijilaumu. Besi na sauti ya tatu hukaa kwenye mistari mitano ile ile, naye alikuwa ameziandika kama sauti moja. Programu ikazigandisha pamoja, mikia ya noti zote ikatazama juu. Akazitenganisha: ya tatu mikia juu, besi mikia chini, kila moja ikashika njia yake. Ikapendeza. Akatoka nyuma ya duka kuwasha jenereta, maana umeme ulikatika na printa haiendi kwa betri ya kompyuta. Aliporudi, besi haipo.

Akaifuta programu, akaweka mpya. Besi ikapotea. Akaazima kompyuta ya parokia. Ikapotea vilevile. Kila mara ilimbidi aiwashe tena ile simu, na sauti ya marehemu ilikijaza chumba, nzito kama mawe yanayoviringishwa na mto Nyamwamba ukifurika. Alisi alifumba macho.

"Hajataka kwenda," alisema siku moja, taratibu.

Nywele za Hardy zilisimama. Siku hiyo alifunga duka mapema.

Danieri alikuja amewaka. "We Hardy, mashine inakushinda? Kwaya inangoja, shemeji inazeeka na nguo nyeusi!"

"Muzee, si mashine."

"Basi nini? Muzimu?" Akacheka peke yake. "Kesho nakuja na pikipiki. Nataka karatasi mukononi."

Kesho yake Hardy aliandika besi kwa mara nyingine, Alisi akiwa pembeni na rozari yake. Akasikiliza: sauti nne, kamili. Akatia simu ya marehemu mfukoni, akaenda nyuma. Jenereta ilikuwa kavu. Akageuka upesi kufuata dumu la petroli, akipitia upande wa dirisha.

Aliisikia kabla ya kuona chochote. Besi ile ile, chini chini, ndani ya duka. Akaibana simu mfukoni. Ilikuwa imezimwa, baridi. Akachungulia.

Alisi alikuwa ameinama juu ya kompyuta, rozari shingoni, anaimba besi ya mumewe kwa koo la chini. Na kila noti aliyoiimba, kidole chake kiliifuta.

Pikipiki ikasimama mbele ya duka. "Hardy! Iko tayari?"

Hardy aliliacha dirisha, akazunguka, akasimama mlangoni akauziba wote.

"Bado, muzee," alisema kwa nguvu, ili na mule ndani isikike. "Kaka yako amekataa kuitoa besi yake."