Gramu Mia Mbili

Mzani wa jikoni ulisoma mia mbili na nne.

Sonara mstaafu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Mia mbili na nne. Kitoto cha chinchila, mnyama mdogo wa kufugwa wa jamii ya panya, kilitulia kwenye kisahani, manyoya mengi kuliko mwili, kikijilamba maziwa mdomoni.

Mama wa kitoto alikufa siku ya pili baada ya kuzaa. Tangu hapo mzee alikilisha kwa kibomba cha dawa, na binti yake, aliyemwachia chinchila huyo mkubwa alipohamia ng'ambo, alipiga simu ya video kila asubuhi kuuliza uzito. Zamani alipiga mara moja kwa mwezi, kwa haraka ya mtu aliyeacha chungu motoni.

Walikubaliana kwamba kikifika gramu mia mbili, rafiki wa binti atakuja kukichukua.

Simu ikalia.

"Shikamoo, baba. Leo kimefika ngapi?"

"Marahaba, mwanangu. Subiri nikuoneshe."

Miaka arobaini alipima dhahabu za watu, na hakuna aliyewahi kusema kidole chake kimegusa mzani.

Akapenyeza kidole chini ya tumbo la kitoto, upande usioonekana kwenye kamera, akakiinua kidogo. Moyo mdogo ulidunda mbiombio kwenye ncha ya kidole.

"Mia moja themanini na saba. Jionee mwenyewe."

"Mbona kinakua polepole hivyo?"

"Kama wewe ulivyokuwa. Haraka ya nini?"

Binti akacheka, akavuta kiti, akakaa. "Na wewe je, baba? Umekula?"

Kidole kilianza kufa ganzi. Hakukitoa.