Kaya ya Nyanjige

Karani wa sensa alipouliza chumba kina watu wangapi, Nyanjige alijibu kwamba yuko peke yake: mtoto hana, na mume walishaachana. Karani akaandika moja.

"Na unapika na nani, mama? Kaya ni watu wanaokula chungu kimoja."

Nyanjige akaigeukia sufuria ya maharage iliyokuwa ikitokota uani. Wapangaji wa nyumba ile kila mmoja alikuwa na kwao. Wengine hata salamu za kwao zilimshinda Nyanjige kutamka.

"Hebu ngoja, mwanangu," akasema.

Akagonga mfuniko kwa mwiko, kama afanyavyo kila mchana. Mlango wa kwanza ukafunguka, mtu akatoka na sahani yake. Karani akaifuta ile moja, kisha penseli ikabaki hewani, maana milango ilikuwa bado inafunguka.